Namna ya Kupata Viwango Sahihi vya Uhandisi kwa Mradi wa Mtambo wa Uchakataji

"Nitumie kiwango gani?" Nimeulizwa swali hili mara nyingi mno, na karibu kila mara huja likiwa tupu. Muulizaji hasemi bomba linabeba nini, presha ni ngapi, joto ni kiasi gani, wala mtambo unajengwa chini ya sheria za nchi gani. Wengine hawaulizi hata hilo, wanaomba faili tu. Mtu anapewa namba ya kiwango, anaibandika kwenye ripoti, kisha miezi sita baadaye inagundulika kwamba kiwango kile hakikuihusu kazi yake hata kidogo. Wakati huo vifaa vimeshaagizwa.

Mwongozo huu ni wako wewe mhandisi kijana, mchoraji au ofisa manunuzi uliyekabidhiwa kwa mara ya kwanza kazi ya kuandaa orodha ya viwango vya mradi: mtambo wa kemikali, wa kusafisha mafuta, wa gesi, wa mbolea au wa aina hiyo. Kiwango kimoja kinachomaliza yote hakipo. Utakachopata hapa ni njia ya kukifikia kile kinachokuhusu, na kuweza kukitetea mbele ya mkaguzi.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Usianze kutafuta chochote kabla hivi havijawa mezani:

- Orodha ya vifaa vya mtambo pamoja na mchoro wa mabomba na vifaa vya kupimia (P&ID), hata kama ni rasimu.
- Data za uchakataji kwa kila laini na kila chombo: kinabeba nini, presha ya kazi na presha ya usanifu, joto la juu na la chini, na kama kilichomo kinawaka, ni sumu au kinakula chuma.
- Mkataba, hasa viambatisho vya kiufundi. Watu wengi husoma kurasa za malipo wakaishia hapo.
- Jina la mamlaka itakayotoa kibali cha kujenga na kuendesha mtambo.
- Jedwali kwenye kompyuta lenye safu hizi: kifaa, kiwango, mwaka au toleo, mawanda yake (kinahusu nini na hakihusu nini) kwa sentensi moja, nani amekitaka (sheria, mkataba au sisi wenyewe), nakala ipo wapi, na maoni.
- Fungu la fedha la kununua viwango. Liombe mapema, wakati bajeti ya mradi inapangwa. Ukingoja hadi katikati ya usanifu hutalipata.

Kama data za uchakataji hazijakamilika, anza na ulizonazo na uache nafasi wazi kwenye jedwali. Nafasi wazi inayoonekana ni bora kuliko kukisia.

Hatua ya 1: Anza na sheria

Kiwango ni makubaliano ya wataalamu. Hakimlazimishi mtu mpaka sheria ikitaje au mkataba ukitaje. Ndiyo maana swali la kwanza ni: serikali ya mahali mtambo utakapojengwa inataka nini?

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, chombo au bomba lenye presha inayozidi bar 0.5 juu ya presha ya hewa huingia chini ya Agizo la Vifaa vya Presha, 2014/68/EU. Ukitumia viwango vilivyooanishwa na agizo hilo, kama EN 13445 kwa vyombo na EN 13480 kwa mabomba, unahesabiwa kuwa umetimiza matakwa ambayo viwango hivyo vinayagusa. Ukitumia viwango vya ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, hujavunja sheria, lakini mzigo wa kuthibitisha kwamba matakwa yote yametimizwa unakuwa wako. Marekani, kanuni ya usalama wa uchakataji ya mwaka 1992, 29 CFR 1910.119, inamtaka mwajiri mwenye kemikali hatari kwa kiasi kilichotajwa aweke kumbukumbu kuonyesha kwamba vifaa vyake vinafuata utendaji bora wa kihandisi unaokubalika. Haimpi orodha ya namba. Anachagua mwenyewe, kisha anautetea uchaguzi wake.

Nchi nyingine zina sheria za boila na vyombo vya presha zinazotaja kiwango kwa jina na hata kwa mwaka. Nenda kwenye shirika la viwango la nchi husika na kwenye mamlaka ya usalama mahali pa kazi, uulize kwa maandishi, na jibu uliweke kwenye faili la mradi. Jibu la simu halina thamani siku mkaguzi akija.

Hatua ya 2: Panga ngazi za nyaraka

Mkataba mzuri husema waraka upi unautangulia mwingine. Mpangilio wa kawaida ni huu: sheria, kisha mkataba wenyewe, kisha karatasi ya data ya kifaa, kisha spesifikesheni za mradi, kisha spesifikesheni za jumla za mwenye mradi, na mwisho viwango vya kimataifa. Kama mkataba wako uko kimya, andika pendekezo la mpangilio na uombe likubaliwe kabla ya usanifu kuanza.

Jihadhari na sentensi inayopendwa sana isemayo kwamba viwango vikipingana, kilicho kikali zaidi ndicho kitatumika. Inasomeka vizuri, lakini kwenye kazi huleta ugomvi. Ukali ni wa upande gani? Bomba lenye ukuta mnene linaonekana salama zaidi, lakini ni gumu kujipinda. Joto likipanda, linasukuma nozeli ya pampu kwa nguvu kubwa kuliko bomba jembamba. Kwa presha ni kali, kwa pampu ni adui. Afadhali mkataba umtaje mtu atakayeamua.

Hatua ya 3: Gawa mtambo vipandevipande

Hakuna kiwango cha "mtambo". Kuna viwango vya chombo, bomba, flenji, vali, pampu, tangi, chombo cha kupimia, waya, msingi wa zege na rangi. Pita kwenye mchoro kipande kwa kipande na ukiulize kila kimoja jina la familia yake. Hizi ndizo familia utakazokutana nazo mara nyingi. Herufi za mwanzo ni za waliotoa kiwango: EN ni viwango vya Ulaya, API ni taasisi ya petroli ya Marekani, TEMA ni chama cha watengenezaji wa vibadilisha joto, ISA ni chama cha wataalamu wa vifaa vya kupimia na udhibiti, ISO na IEC ni mashirika ya kimataifa ya viwango (IEC ni la umeme), na NFPA ni chama cha Marekani cha kukinga moto.

- Vyombo vya presha: ASME Sehemu ya VIII (ina migawanyo mitatu), au EN 13445.
- Mabomba ya uchakataji: ASME B31.3, au EN 13480. Mabomba ya mvuke ya kituo cha umeme yako B31.1. Njia ndefu za kusafirisha vimiminika ziko B31.4 na za gesi B31.8.
- Flenji: ASME B16.5 hadi inchi 24, B16.47 kuanzia inchi 26 hadi 60, na EN 1092-1 kwa zile zinazoitwa kwa PN, yaani madaraja ya presha ya Ulaya.
- Matangi ya kuhifadhia: API 650 na API 620.
- Vibadilisha joto vya mirija na ganda: TEMA na API 660.
- Pampu za sentrifugali: API 610, ISO 5199 au ASME B73.1.
- Kompresa: API 617 kwa za sentrifugali, API 618 kwa za pistoni.
- Vali za usalama: API 520 na 521 kwa hesabu na mfumo mzima, API 526 kwa vipimo vya vali zenye flenji.
- Vifaa vya kupimia na usalama wa kiotomatiki: ISA-5.1 kwa alama za michoro, IEC 61511 kwa mifumo ya kuzima mtambo kwa dharura.
- Umeme kwenye maeneo yenye gesi inayowaka: mfululizo wa IEC 60079, au NFPA 70 pamoja na API RP 500 na 505.
- Moto: NFPA 30 kwa vimiminika vinavyowaka, NFPA 20 kwa pampu za zimamoto.
- Kuchomelea: ASME Sehemu ya IX kwa kuthibitisha taratibu na wachomeleaji.

Usiinakili orodha hii na kuipeleka kwa bosi wako. Itumie kama mlango. Kuna mitambo isiyohitaji nusu yake, na kuna mitambo ambayo orodha hii haiigusi kabisa, kama ile ya dawa inayodai usafi wa ndani ya bomba.

Hatua ya 4: Soma mawanda kabla ya kitu kingine chochote

Hapa ndipo nataka ukae muda mrefu. Kila kiwango kina sura ya mwanzo inayosema kinahusu nini na hakihusu nini. Ni ukurasa mmoja au miwili. Makosa makubwa ninayoyaona, karibu yote, yangeepukika kama mtu angezisoma kurasa hizo tu.

Chukua matangi. API 650 ni ya matangi yenye presha ya ndani iliyo karibu sawa na ya hewa. Kiambatisho chake F kinaruhusu kupanda hadi 18 kPa, yaani psi 2.5. Ukizidi hapo unahamia API 620, inayofika psi 15. Juu ya psi 15 hilo si tangi tena, ni chombo cha presha, na unaingia ASME Sehemu ya VIII. Mtu anayeandika "tangi, API 650" bila kuuliza kama kuna blanketi ya naitrojeni (gesi inayojazwa juu ya kimiminika ndani ya tangi) na presha yake ni ngapi anaweza kujikuta na tangi linaloinuka kingo za chini.

Chukua pampu. Waanziaji wengi huamini API 610 ndiyo pampu "nzuri" na nyingine ni za ovyo. Kiwango chenyewe hakisemi hivyo. Kinasema uzoefu unaonyesha pampu zake zinalipa pale kimojawapo cha vipimo hivi kinapozidishwa: presha ya kutolea kPa 1,900, presha ya kuvutia kPa 500, joto 150 °C, mizunguko 3,600 kwa dakika, kimo cha msukumo mita 120, au kipenyo cha impela milimita 330 kwa pampu yenye shafti inayoning'inia. Kama pampu yako inasukuma maji ya kupoozea kwa mita 40, API 610 itakuletea chuma kingi na kusubiri kwingi bila faida. ISO 5199 au ASME B73.1 inatosha.

Chukua salfidi hidrojeni, gesi inayopasua chuma kilicho kigumu kupita kiasi. Kwenye visima na mitambo ya kuzalisha mafuta na gesi, kiwango cha kuchagua vifaa ni MR0175 cha NACE, chama cha wataalamu wa kutu, ambacho pia ni ISO 15156. Kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta ni NACE MR0103, yaani ISO 17945. Namba zinafanana, maudhui yanatofautiana. Nimeona oda za manunuzi za kiwanda cha kusafisha mafuta zenye MR0175 kwa sababu tu aliyeziandika alinakili za mradi wa kisimani.

Angalia pia mpaka kati ya kiwango na kiwango. Chombo cha Sehemu ya VIII kinaishia kwenye uso wa flenji ya kwanza, au kwenye weldi ya kwanza ya kuzunguka kama bomba limechomelewa moja kwa moja. Kuanzia hapo ni B31.3. Mpaka huu si wa karatasi tu. Jaribio la presha kwa maji chini ya B31.3 huanzia mara 1.5 ya presha ya usanifu. Chini ya Sehemu ya VIII, Mgawanyo wa 1, ni mara 1.3 ya presha ya juu inayoruhusiwa. Ukilijaribu bomba likiwa limeunganishwa na chombo bila kulijua hilo, chombo kinapokea presha ambayo hakikupangiwa.

*Kosa la kuepuka:* kuchanganya hesabu za viwango viwili ili kupata jibu linalokupendeza. Kwa joto la kawaida, Sehemu ya VIII, Mgawanyo wa 1, hugawanya nguvu ya mwisho ya chuma kwa 3.5, B31.3 hugawanya kwa 3, na EN 13445 kwa 2.4. Kila kigawanyo kimewekwa pamoja na ukaguzi, majaribio na vifaa vyake. Ukichukua msongo mkubwa wa EN na ukaguzi mwepesi wa ASME, umetengeneza kiwango chako mwenyewe ambacho hakuna aliyekipima.

Hatua ya 5: Fuata marejeo, lakini ujue pa kusimama

Kila kiwango hutaja vingine ambavyo ni lazima vitumike pamoja nacho. B31.3 itakupeleka kwa B16.5, hiyo itakupeleka kwa ASTM A105 na wenzake, yaani viwango vya chuma chenyewe, na hao watakupeleka kwenye njia za kupima ugumu wa chuma. Ukiufuata mnyororo wote utanunua maktaba.

Kanuni yangu ni ngazi mbili. Kiwango kikuu ninacho, na kile kinachotajwa nacho kwa sharti la lazima linalogusa kazi yangu ninacho pia. Kuanzia ngazi ya tatu namwachia mtengenezaji, ila namtaka alete cheti.

Hatua ya 6: Funga mwaka

Namba bila mwaka haitoshi. B31.3 imekuwa ikitoka kila miaka miwili: 2018, 2020, 2022, 2024. Kanuni za boila na vyombo vya presha za ASME nazo hutoka kila baada ya miaka miwili. Viwango vya API hupitiwa upya angalau kila miaka mitano. Mradi wa miaka minne unaweza kuvuka matoleo mawili au matatu.

Kwa hiyo andika toleo, halafu andika tarehe ya kufunga. Maneno ninayoyatumia ni haya: "toleo lililokuwa likitumika siku ya kusaini mkataba, pamoja na masahihisho yake". Maneno "toleo la karibuni zaidi" peke yake yatamfanya mkandarasi adai malipo ya ziada siku toleo jipya likitoka, na atakuwa na haki. Kama sheria imetaja mwaka fulani wa zamani, mwaka wa sheria ndio unaoshinda.

Angalia pia majina yaliyobadilika. NACE na SSPC, chama cha rangi za kinga, ziliungana mwaka 2021 zikawa AMPP. BS 5500 ya Uingereza sasa ni PD 5500. API 605, ya flenji kubwa, iliingizwa ndani ya ASME B16.47 kama Mfululizo B, na ile ya MSS SP-44 ikawa Mfululizo A. Hii ya mwisho imeniumiza mwenyewe. Flenji za inchi 30 ziliagizwa kwa maneno "ASME B16.47, Class 150" (Class ni daraja la presha) bila kutaja mfululizo. Upande mmoja zikaja A zenye bolti chache nene, upande wa pili B zenye bolti nyingi nyembamba. Matundu hayakukutana. Mafundi walikuwa wameshafunga jukwaa, kreni inangoja, na kilichokosekana kwenye karatasi ni herufi moja.

Hatua ya 7: Pata nakala halali

Faili za kuokotwa mtandaoni zina shida tatu. Ni za matoleo ya zamani, mara nyingi zimekatwa kurasa za viambatisho, na huwezi kumwonyesha mkaguzi. Kabla ya kununua, tumia kila kilicho wazi:

- Tovuti ya ISO hukuruhusu kusoma bure mwanzo wa kila kiwango: mawanda, marejeo na istilahi. Kwa Hatua ya 4 na ya 5 hicho ndicho unachokihitaji.
- NFPA huruhusu viwango vyake kusomwa bure kwenye skrini ukijisajili. Huwezi kuchapisha, lakini unaweza kusoma kila kifungu.
- IOGP, chama cha wazalishaji wa mafuta na gesi, kimetoa bure spesifikesheni za manunuzi za mradi wake wa JIP33. S-562, kwa mfano, ni ya vali zenye tufe ndani (ball valves) za API 6D. Kila moja huja na karatasi ya data, masharti ya ubora na orodha ya nyaraka ambazo muuzaji lazima alete. Kwa anayeanza, hii ni shule kamili ya kuandika spesifikesheni.
- Miongozo ya mamlaka ya usalama ya Uingereza, HSE, hupakuliwa bure. HSG176 kuhusu kuhifadhi vimiminika vinavyowaka ni mahali pazuri pa kuanzia.
- Jeshi la Marekani hutoa bure vigezo vyake vya majengo na miundombinu. UFC 3-460-01 inahusu mitambo ya mafuta.
- Shirika la viwango la India limefungua viwango vyake vingi vipakuliwe bila malipo.
- Ripoti za ajali za bodi ya uchunguzi wa kemikali ya Marekani, CSB. Watu hawazifikirii, nami nazipenda kuliko zote. Ripoti nyingi hutaja kiwango kilichopuuzwa au kilichokosekana. Mlipuko wa Texas City wa Machi 2005 uliua watu 15, wote wakiwa ndani au karibu na matrela ya ofisi yaliyowekwa jirani na mtambo. Ndio uliozaa API RP 753 ya mwaka 2007 kuhusu majengo ya kuhamishika. Ukisoma ripoti hiyo utaelewa kiwango hicho kinalinda nani.

Vilivyobaki, nunua. Ukinunua, nunua kwa jina la mradi na usome masharti ya leseni, kwa sababu nakala ya mtu mmoja hairuhusiwi kusambazwa kwa timu nzima.

Kuhusu spesifikesheni za ndani za makampuni makubwa ya mafuta: zina hekima nyingi, lakini ni siri zao, na ziliandikwa kwa mitambo yao na majeruhi wao. Kama mwenye mradi amekupa zake, zitumie. Usichukue za mtu mwingine.

Hatua ya 8: Geuza orodha iwe masharti

Kuandika "pampu iwe ya API 610" hakujamaliza kazi. Viwango vingi vya API huweka nukta nyeusi pembeni ya vifungu ambavyo mnunuzi lazima aamue au atoe taarifa. Pita nukta zote, moja baada ya nyingine, na ujibu kila moja kwenye karatasi ya data. Usipojibu, muuzaji atakujibia, naye atachagua kilicho rahisi kwake.

Soma vitenzi kwa makini. Katika viwango vya Kiingereza, *shall* ni lazima, *should* ni pendekezo, *may* ni ruhusa. Waraka wa mapendekezo wenye *should* tupu haumfungi mkandarasi hata ukiutaja kwenye mkataba, mpaka uandike kwamba vifungu fulani na fulani kwa mradi huu ni lazima. Vitaje kwa namba.

Hatua ya 9: Usisahau kazi ya muda na maisha baada ya kuwasha

Tarehe 1 Juni 1974, huko Flixborough, Uingereza, mtambo wa kemikali ulilipuka na kuua watu 28. Miezi michache kabla, reakta namba 5 ilikuwa imepata ufa ikaondolewa, na namba 4 ikaunganishwa na namba 6 kwa bomba la muda la inchi 20 lenye mvukuto (kiungo kinachonyumbulika) kila upande. Mchoro wake ulikuwa wa chaki kwenye sakafu ya karakana. Uchunguzi ulikuta kwamba hakuna aliyerejea BS 3351, kiwango cha mabomba kilichokuwepo wakati huo, wala mwongozo wa mtengenezaji wa mivukuto. Kiwango kilikuwepo na kilipatikana. Hakikufunguliwa, kwa sababu kazi ilikuwa "ya muda".

Weka basi kwenye orodha yako sentensi inayosema kazi ya muda inafuata viwango vilevile. Halafu ongeza viwango vya kutunzia, kwa maana vile vya kujengea huishia mtambo unapowashwa: API 510 kwa vyombo vya presha, API 570 kwa mabomba, API 653 kwa matangi, na API 579-1/ASME FFS-1 pale kifaa kinapopata dosari na unatakiwa kuamua kama bado kinafaa.

Ukikwama

*Viwango viwili vinapingana.* Rudi Hatua ya 2. Kama ngazi hazitatui, andika swali rasmi la kiufundi lenye namba za vifungu vyote viwili na pendekezo lako. Swali lisilo na pendekezo hukaa mezani mwezi mzima.

*Kiwango kilichotajwa kwenye mkataba kimeondolewa.* Mara nyingi tovuti ya shirika lililokitoa hutaja kilichochukua nafasi yake. Usibadilishe kimyakimya, omba kibali cha maandishi. Kama hakuna mbadala, toleo la zamani bado linaweza kutumika kwa makubaliano.

*Muuzaji analeta kifaa cha kiwango kingine.* Mwombe jedwali la tofauti, kifungu kwa kifungu. Kwa vitu vinavyoungana, kama flenji, kataa mapema: EN 1092-1 na ASME B16.5 hazifungani. Usidanganywe na majina pia. Class 150 haina maana ya psi 150, kwani flenji ya chuma cha kaboni cha kawaida cha daraja hilo hubeba psi 285 kwenye joto la kawaida.

*Mwenye mradi amekupa orodha ya viwango mia tatu.* Hiyo orodha imenakiliwa kutoka mradi mwingine. Ilinganishe na orodha yako ya vifaa, weka alama kwa visivyo na kifaa chochote, na uombe viondolewe. Kuna watakaosema "viache tu, havidhuru". Vinadhuru, kwa sababu muuzaji huweka bei ya kila anachotakiwa kutimiza, na mkaguzi huuliza ushahidi wa kila kilichoandikwa.

*Hakuna kiwango cha kitu chako.* Hutokea kwenye teknolojia mpya. Chukua kiwango cha karibu zaidi, andika wazi mahali kinapokomea, kisha fanya uchambuzi wa hatari kwa njia ya HAZOP (kuchunguza hatari na matatizo ya uendeshaji, kipande kwa kipande) ukifuata IEC 61882, na sababu ya kila uamuzi iandikwe. Mshirikishe mtengenezaji tangu mwanzo, na mwite mkaguzi huru kabla ya kukata chuma cha kwanza.

*Fedha za kununua hazikutosha.* Nunua kwanza kile ambacho hesabu zako zinakitegemea: cha vyombo vya presha, cha mabomba na cha vali za usalama. Vya vifaa vinavyonunuliwa vikiwa vimekamilika, kama kompresa, vinaweza kungoja hadi unapoandaa zabuni. Siku hiyo ikifika, uwe na nakala mezani kabla tangazo la zabuni halijatoka.